Kona ya Mfuko wa Unga

Walisema sitaweza kuishi Bunia kwa kushona rido, yaani mapazia. Muzee Bosco, seremala wa mtaa wetu, alilisema hilo mbele ya watu huku akipiga randa ubao: "Kijana, kule Kampala batu bako na madirisha ya vioo. Huku kwetu dirisha ni tundu. Utaweka rido kwenye tundu?" Watu wakacheka mpaka wengine wakashika ukuta. Wengine walisema nyumba ya udongo haipambwi, inafagiwa tu. Wengine walisema mwanaume akishika sindano ya kufuma, vidole vitapinda na hata mke hatapata. Baadaye, nilipoingia katika deni la vitambaa nitakalolieleza hapa, walisema neno la mwisho: kwamba sitalirudisha hata nikizeeka. Katika hilo walikaribia kusema kweli, maana nimezeeka.

Ninawaandikia ninyi mnaobaki katika atelie, karakana yetu ya upambaji. Habari ya pesa nilizopata sitaiandika. Aliyenilipa vizuri anajijua, na aliyenilipa kwa asante anajijua zaidi. Lakini mmeniuliza mara nyingi kwa nini msumari wangu ulio karibu na mlango uko wazi, wakati kila fundi anayeacha kazi hapa hutundika aproni yake. Mkisoma hadi mwisho mtajua, na hamtaniuliza tena.

Nilirudi Bunia na diploma. Sikupewa na mjomba. Nilikuwa nimekimbilia Kampala nikiwa kijana, mchana nikibeba sofa katika karakana ya watu, jioni nikisoma upambaji wa nyumba katika shule ndogo iliyokuwa juu ya duka la dawa. Darasani nilikuwa wa mbele, na wale waliokuwa nyuma yangu leo wana magari. Diploma hiyo niliitia katika fremu ya mkalatusi niliyoichonga mwenyewe, na kioo chake nilikitoa kwenye kabati lililovunjika. Niliitundika katika saloni, sebule ya mama yangu. Kisha nikazunguka ofisi kuomba kazi, nikaambiwa ningoje. Yule aliyeniambia ningoje alistaafu kabla yangu. Mtaa ukaniita Diplome. Walidhani wananicheka, lakini mimi niliitika kila mara, kwa sababu jina hilo nililitolea jasho.

Nyumba ya kwanza niliyoipamba ni hiyo ya mama. Kuta zilikuwa za udongo wa potopoto, nyeusi kwa moshi. Nilichimba udongo mweupe kwenye barabara ya Nyankunde, nikaukausha, nikautwanga, nikauchuja kwa kipande cha chandarua. Sikilizeni vizuri hapa: udongo mweupe ukipakwa na maji matupu unashika macho tu, haushiki ukuta. Lazima uuchanganye na uji mwepesi wa muhogo, ungali moto, kisha upake kabla haujaganda. Nilikuwa na mteja aliyekataa kupika uji huo. Alisema hawezi kuupa ukuta chakula huku watoto wakiangalia. Nilimwambia ukuta haujui umaskini wake. Hakusikia. Siku ya wageni wake, wazee walikuja na makoti meusi, wakaegemea, wakasimama wakiwa na migongo kama ya mbuzi weupe. Aliyelaumiwa ni mimi. Katika kazi hii mjiandae: uzuri ni wa mwenye nyumba, ubaya ni wa fundi.

Aliyenifundisha mikono ni Mama Masika, mfanyabiashara aliyetoka Butembo, aliyekuwa na meza ya vitambaa sokoni na cherehani ya kukanyaga. Nilimpelekea diploma yangu aione. Aliisoma yote, hata muhuri, akanirudishia.

"Karatasi nimeiona," alisema. "Sasa nionyeshe mikono."

Kwake nilijifunza kufua kitambaa kabla ya kukikata, ili kisije kikapungua dirishani. Nilijifunza kukata kitenge kilichochakaa katikati na kuunganisha pindo zake mbili ambazo hazijaguswa na jua. Nilijifunza kutia vijiwe vya mtoni kwenye pindo la chini la rido, upepo usiiinue na kuonyesha watu godoro lako. Kulabu za rido tulikunja kutoka spoku za baiskeli. Hakusifu kamwe. Nikishona vizuri alisema, "Fungua tuone nyuma." Siku aliponikubali, alinishonea aproni kutoka mfuko wa unga wa ngano, ile mifuko ya zamani ya pamba nzito, yenye rangi ya maziwa yaliyolala. Nyinyi hamkuijua mifuko hiyo. Siku hizi unga unakuja katika plastiki, na plastiki haishoni kitu isipokuwa aibu. Aproni hiyo nilivaa miaka yangu yote ya kazi.

Plafo, yaani dari, nilijifunza peke yangu, na hakuna wa kudai aliyenifundisha. Unashona magunia pamoja, unayalowesha, unayavuta juu ya mianzi yakiwa maji, unapaka chokaa. Yakikauka yanakaza kama ngoma. Panya wakipita juu yake usiku, mgeni anadhani ni mvua.

Sasa nafika kwenye siku iliyoniharibia jina.

Dada yangu mdogo, Neema, alipata mchumba wa Nia-Nia. Wazee wa huyo kijana walitangaza siku ya kuja kutoa mahari. Mnajua wakwe wanavyoangalia. Hawasemi neno juu ya nyumba, lakini macho yao yanahesabu kila kitu, na ng'ombe wanatolewa kulingana na macho. Mama alikuwa na viti vitupu na meza yenye mguu mmoja wa kuazima. Nikasema hii ndiyo siku ya diploma yangu. Kuta nilipaka upya, plafo nilikaza, maua ya nyuzi za migomba nilitengeneza mwenyewe. Vitambaa tu ndivyo vilivyokosekana, nikaenda kuazima kwa neno la kinywa changu.

Mama Masika aliniazima rido zake za nyumbani, za bluu. Muzee Bosco, baada ya kunicheka vya kutosha, aliniazima kitambaa cha meza cha arusi yake, chenye taraza. Mama Yudita, mjane wa katekista, aliniazima kitambaa cha kufuma, cha kufunikia kiti kirefu cha mbao. Hicho kilikuwa kazi ya binti yake wa pekee, Ester, aliyekufa kwa homa akiwa msichana. Kilikuwa cha waridi nyeupe kutoka pembe hadi pembe, ila kwenye kona moja. Hapo uzi ulimwishia Ester, na duka lilikuwa mbali na mfuko mtupu, basi akafumua mfuko wa unga na kumalizia ua la mwisho kwa uzi huo wa manjano hafifu. Mama Yudita alinionyesha kona hiyo kwa kidole. Aliniomba nisikifue kwa maji ya moto, na nisiivute kona.

Sikuivuta. Niliigeuza nyuma ya kiti, ikaangalia ukuta. Mpambaji mwenye diploma haachi kona ya manjano mbele ya wakwe.

Wazee wa Nia-Nia walikuja, wakakaa, wakaangalia. Mkubwa wao aliinua macho kwenye plafo, akayashusha kwenye rido, akapitisha kiganja juu ya waridi. Nilimsikia akimnong'oneza mwenzake: "Hapa hatuwezi kuleta ng'ombe mwembamba." Hayo ndiyo maneno matamu kuliko yote niliyowahi kusikia katika kazi, na hayakusemwa kwangu.

Wageni walikuwa wameondoka na mvua imeanza, ndipo ndugu zetu wa upande wa Aveba walipoingia uani. Walikuwa wamekimbia vita kwa miguu, wamelowa, wanawake na watoto wachanga, hawana hata kikapu. Mama hakuniuliza. Alipanda juu ya kiti akateremsha rido. Akavuta kitambaa cha meza chini ya sahani. Akachukua kile cha waridi. Vyote akafungia watoto. Nilimwambia vitu hivyo si vyetu, viliazimwa, na jina lililoviazima ni langu. Alinijibu bila kugeuka:

"Mutoto iko na baridi, na weye unaniuliza kitambaa ni ya nani?"

Asubuhi ndugu waliendelea kuelekea Nyankunde walikokuwa na wenyeji, na vitambaa vikaenda nao. Nilituma watu kuulizia. Jibu lilikuja polepole: rido zilichanwa zikawa nepi, kitambaa cha meza kilibadilishwa kwa chumvi, na cha waridi hakuna aliyekumbuka kilibaki njia gani. Mama alipata sifa ya huruma katika kanisa zima. Mimi nilipata deni. Neema aliolewa vizuri, na katika miaka yote ya Nia-Nia hakutuma hata uzi.

Nilikwenda kwa walioniazima, mmoja baada ya mwingine, mikono mitupu. Mama Masika alisema rido zake zilikuwa za duka la Butembo na hakuna tena za namna hiyo. Muzee Bosco aliuliza kama diploma haikunifundisha kumkataza mama yangu. Mama Yudita alitazama kiti chake kitupu. Nilipomwambia nitamnunulia kizuri kuliko kile, alisema:

"Usininunulie. Mutoto yangu hakununua."

Hapa lazima niwaeleze desturi ya mtaa wetu, maana ninyi vijana mnarudisha vitu kwa pikipiki usiku. Vitu vilivyoazimwa kwa sherehe moja hurudi siku moja. Unavibeba mchana, wazi, nyumba kwa nyumba, watu wakiona. Ukimrudishia mmoja peke yake, umewatangaza wengine kuwa si kitu, na hata yule uliyemrudishia hatapokea. Kwa hiyo rido nilizishona mapema, na kitambaa cha meza nilikitia taraza mapema, vyote vikakaa sandukuni vikinuka kafuri, vikingoja waridi. Na Bosco, ambaye kitambaa chake kilikuwa tayari na alijua kiko tayari, aliendelea kusema sokoni kwamba Diplome anakula vitu vya watu.

Maneno hayo yalinigharimu. Katika mji huu mpambaji anaishi kwa kuazima: ngazi ya huyu, brosi ya yule ya kupakia rangi, viti vya kanisa. Mimi sikuazimwa tena hata ndoo. Basi nikatengeneza. Ngazi ya mianzi mnayoipigania hapa atelie niliifunga mimi. Brosi za nyuzi za katani ni zangu. Chujio, kibao cha kunyooshea, kalibu za maua, sindano za kufuma zilizokunjwa kutoka spoku, vyote vilitoka katika mikono hii kwa sababu hakuna mkono mwingine ulionyooshwa. Watu wakaja kusema Diplome hana haja ya mtu, anajitengenezea kila kitu, ni fundi kweli. Ndiyo, ni fundi kweli. Lakini wasisahau nani waliofunga milango.

Kufuma nilifundishwa na Mama Masika, ambaye hakunisamehe rido lakini hakunifukuza. Wanaume walipita wakiniita mama. Niliendelea. Baada ya muda nilikuwa nafuma kuliko wanawake wa mtaa mzima, na nasema hivyo bila aibu, maana wao wenyewe waliniletea kazi zilizowashinda. Nilifuma waridi za kila namna. Hakuna hata moja iliyokuwa waridi la Ester. Lile lilikuwa na petali zilizopandana, ya chini ikitokea nyuma ya ile ya juu, nami nilikuwa nimeliangalia kama mpambaji, kwa mbali, sikuliangalia kama mfumaji.

Kila mwaka mpya nilikwenda kwa Mama Yudita kumsalimia na kusema bado. Alinipa chai. Kiti kirefu hakuwahi kukifunika na kitu kingine; mbao zake zilikuwa wazi kama mbavu. Nilikaa juu yake nikanywa, nikaenda zangu.

Waridi nililipata Nyankunde. Niliitwa huko kupamba nyumba ya muuguzi mmoja aliyekuwa anamwoza mwanawe. Ukuta wangu wa kwanza ulipokuwa unakauka niliingia ndani kuomba maji, nikaona radio imefunikwa kitambaa kidogo. Petali zilipandana. Mwenye nyumba aliniambia alijifunza ua hilo akiwa msichana Bunia, katika darasa la kufuma la parokia, yeye na rafiki yake Ester wakionyeshana. Nilimwomba nifumue moja nione njia yake. Alinikatalia kabisa. Basi nilikaa mbele ya radio hiyo na uzi na sindano, nafuma na kufumua, nafuma na kufumua, mpaka yeye mwenyewe akachoka kuniangalia.

"Baba, sindano haianzii hapo," alisema. "Anzia nyuma." Akashika mkono wangu akaupeleka.

Nilirudi Bunia na kazi hiyo kichwani. Macho yalikuwa yameanza kuniacha na kifua kimejaa chokaa ya watu, hivyo nilijua hiki kitakuwa kitambaa changu cha mwisho. Nilinunua uzi bora kuliko wote sokoni. Nilifuma pembe hadi pembe, kona zote nyeupe, hakuna fundo linaloonekana mbele wala nyuma. Mama Masika, ambaye sasa anatembea na fimbo, alikigeuza, akatazama nyuma, hakusema kitu. Kutoka kwake hiyo ni kama kengele za kanisa.

Jumamosi moja nilivaa shati safi na aproni yangu, nikaweka kila kitu juu ya mikono, nikatoka mchana. Watu walisimama milangoni. Mama Masika alipokea rido, akazipima kwa mkono, akazitundika palepale. Wiki iliyofuata aliziuza. Muzee Bosco alitandaza kitambaa cha meza, akakitafuta kosa kama anayetafuta chawa, akakosa, akasema cha zamani kilikuwa kirefu zaidi. Hakikuwa kirefu zaidi. Nilimwacha na uongo wake.

Kwa Mama Yudita niliingia wa mwisho. Amezeeka sana, lakini macho yake ni mazuri kuliko yangu. Alikipokea, akakitandaza magotini. Alipitisha kidole juu ya waridi moja, akatingisha kichwa polepole, na nikaona ametambua. Moyo wangu ukainuka. Kisha akaanza kukizungusha, kona ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Akarudi tena ya kwanza.

"Kona ya Ester iko wapi?"

Nilimweleza kwamba hii ni bora. Nilimweleza juu ya uzi, kwamba hautageuka rangi, kwamba kona zote zinalingana, kwamba hata Kampala hawafumi hivi. Alinisikiliza hadi nikaishiwa.

"Ninaona," alisema. "Umemupita. Lakini miye sikukuazima kitambaa ya fundi. Nilikuazima ya mutoto yangu."

Nilikasirika, siwafichi. Miaka yote hiyo, jina langu kutafunwa sokoni, vidole kupinda kweli kama walivyotabiri, na bibi huyu anataka kona mbovu. Nje, watu walikuwa wanangoja kunipongeza. Nikamwambia kwamba hata nikitaka siwezi, uzi ule haupo, mifuko ya unga siku hizi ni plastiki.

Aliniangalia kifuani.

"Na hiyo umevaa?"

Nilikaa kwenye kiti kirefu, juu ya mbao zile tupu. Nilifumua ua la kona, jeupe, lisilo na kosa, nikakunja uzi wake nikauweka mfukoni. Kisha nikakata mshono wa aproni na kuanza kuvuta uzi mmoja mmoja, wa pamba nzito, umeshika chokaa na chai na rangi ya nyumba za watu wote niliowapambia. Uzi wa mfuko hautelezi. Unakwama kwenye sindano. Ua lilitoka limepinda kidogo. Nilitaka kulirekebisha. Mama Yudita aliuweka mkono wake juu ya wangu, nikaliacha.

Alikitandaza juu ya kiti yeye mwenyewe. Kona ya manjano hakuigeuza ukutani. Aliielekeza mlangoni, pale mgeni akiingia anapoanza kuona.

"Sasa umerudisha," alisema.

Nilisimama kuondoka. Alinishika aproni kwa ncha, ile iliyokuwa imefumuka, akaniuliza kama naweza kuiacha, ili kona ikichanika siku moja apate uzi. Nikaivua, nikaikunja, nikaiweka mikononi mwake, nikatoka mbele za watu na shati tupu.